Mabaki ya Jikoni kwa Maua ya Ndani: Kwanza Yawe Maji au Udongo

Mara ya kwanza kulipa ua langu chakula cha jikoni, nilichukua ganda la ndizi, nikalikunja mara mbili, nikalifukia kwenye chungu cha spathifilamu, lile ua la ndani lenye bawa moja jeupe lililosimama kama kijiko. Nilikuwa nimesikia kwamba mwezi hauishi kabla ua halijachanua. Wiki ya pili niko mezani nakunywa chai, nikaona kitu cheusi kidogo kinaelea kikombeni. Usubi. Nikaenda kuugusa udongo, wakainuka kama vumbi. Ganda nilipolichimbua lilikuwa jeusi, linateleza, limevikwa ukungu mweupe kama pamba, na mizizi iliyolala karibu nalo ilikuwa imeoza pamoja nalo. Maua? Hata tumba moja.

Ndizi haikuwa na kosa. Ganda bichi haliwi chakula kamili cha mmea mpaka lioze, na kuoza ni kazi ya wadudu, ukungu na bakteria, kazi isiyofaa kufanyika ndani ya chungu kidogo kilichokaa sebuleni. Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: kitu cha jikoni kiingie chunguni kikiwa maji au kikiwa udongo, kisiingie kikiwa taka. Mwongozo huu ni hiyo kanuni na vipimo vyake, pamoja na tunda moja linaloleta maua bila hata kugusa udongo.

Kabla ya yote: kwa nini hauchanui?

Mmea wa ndani usiochanua mara chache huwa na njaa. Mara nyingi uko gizani. Macho yetu hutudanganya hapa. Chumba tunachokiona cheupe pe, kwa mmea uliowekwa mita tatu kutoka dirishani ni jioni isiyokwisha. Mmea hupika sukari yake kwa mwanga, na ua hugharimu sukari nyingi. Usipokuwa na akiba, unabaki na majani tu.

Pima hivi. Siku yenye jua, saa sita mchana, weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo, kisha inua mkono juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa kimefifia lakini vidole vinahesabika, mwanga unatosha spathifilamu, begonia, okidi za kipepeo na Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya. Usipoona kivuli kabisa, sogeza mmea karibu na dirisha na habari za ndizi uziache kwanza. Hakuna ganda linaloziba pengo la mwanga.

Angalia na chungu. Kikiwa kikubwa mno kuliko mmea, mizizi hupata eneo la kutambaa, na udongo wa ziada hukaa na maji hadi unachacha. Mimea mingi ya maua hupenda kubanwa kidogo. Angalia na umri, maana mche mchanga hauna haraka na maua.

Halafu kuna usiku. Kalankoe, kaktasi ya Krismasi na poinsetia huhesabu urefu wa giza. Kalankoe hutaka giza la saa 14 hivi kila usiku kwa muda wa wiki sita: ifunike kwa boksi saa kumi na mbili jioni, ifunue saa mbili asubuhi, mchana irudi kwenye mwanga mzuri. Taa ikiwashwa katikati ya giza hilo, hesabu inavurugika. Okidi ya kipepeo yenyewe hungoja usiku wenye ubaridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, kwa wiki kadhaa, ndipo isukume kikonyo cha maua.

Kama haya yote yako sawa, na mmea umekaa kwenye udongo uleule mwaka mzima au zaidi, hapo ndipo mabaki ya jikoni yana kazi ya kufanya.

Mabaki yana nini ndani

Mmea hula vitu vitatu kwa wingi: nitrojeni ya majani na shina, fosforasi ya mizizi, nguvu na mbegu, na potasiamu inayoongoza maji na sukari ndani ya mmea hadi kwenye matumba. Halafu kuna kalsiamu, magnesiamu na vingine kwa kiasi kidogo. Nitrojeni ikizidi, mmea hujaa majani: mapana, ya kijani cha kuvutia, wageni wanayasifu, na ua halionekani. Ndiyo maana anayemwaga machicha ya kahawa kwenye chungu kila asubuhi akitarajia maua, mara nyingi anaulisha upande usiofaa.

Ndizi ina potasiamu nyingi na nitrojeni kidogo sana. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, asilimia 95 hivi. Machicha ya kahawa yana nitrojeni, kiasi cha asilimia mbili. Mchele, kwenye ile pumba iliyobaki juu ya punje, umebeba fosforasi, na kidogo yake huondoka na maji ya kuoshea. Hakuna hata kimoja ambacho ni mlo kamili. Vikichanganywa na kuoza pamoja vinakaribia.

Maji ya mchele na ya mboga

Anza na haya, kwa sababu hayana gharama wala kazi, na ukikosea hayaumizi sana. Maji ya kwanza ya kuosha mchele, yale meupe kama maziwa, yana wanga na chembe za madini. Yaongezee maji safi kiasi kilekile, mwagilia siku hiyohiyo, mara moja kwa wiki mbili. Usiyaweke hadi kesho. Wanga ukilala huchacha, na harufu ya uchachu ndiyo mwaliko wa usubi. Ukiona udongo unaanza kuwa na utando mweupe juu, punguza hadi mara moja kwa mwezi na ukwaruze utando huo kwa uma.

Maji yaliyochemshia mboga, viazi au mayai ni mazuri vilevile, kwa masharti mawili yasiyo na mjadala: yasiwe na chumvi hata chembe, na yawe yamepoa kabisa. Chumvi hukausha mizizi ikiwa imezama ndani ya maji, kwa sababu maji hufuata palipo na chumvi nyingi, hivyo hutoka mzizini badala ya kuingia. Mpishi wa nyumbani kwako akitia chumvi kwa mazoea bila hata kukumbuka, achana na njia hii.

Ndizi, kwa utaratibu wake

Potasiamu ina tabia nzuri. Haikushonwa ndani ya nyuzi za ganda. Imo katika utomvu wake, kwa hiyo maji huitoa kwa urahisi. Ndiyo maana kuloweka maganda kunafaa, na ndiyo maana kusubiri wiki mbili ili "dawa iive" hakuongezi kitu ila harufu. Utaratibu wangu ni huu:

1. Osha ndizi kabla ya kuimenya. Ganda ndilo linalobeba dawa za shambani, na tope la soko si mbolea.
2. Kata maganda mawili vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kata pia ile ncha ngumu, uitupe kwenye ndoo ya mboji, maana inachelewa kulainika.
3. Tia kwenye chupa pana au jagi, mimina lita moja ya maji, funika kwa kitambaa. Usikaze kifuniko.
4. Acha usiku mmoja, usizidishe siku mbili. Maji yatakuwa ya kahawia hafifu kama chai iliyopoa. Yakianza kutoa povu, yamechacha. Yamwage nje kwenye bustani.
5. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Nyuzi ndogo zinazopenya chujio hubaki juu ya udongo, hukauka zikawa kama gundi, kisha ukungu unaota juu yake.
6. Changanya na maji mengine lita moja. Mwagilia udongo uliokwisha loweshwa kidogo, mara moja kwa wiki mbili au tatu, wakati mmea unakua.

Maganda yaliyobaki yana vingine vyote ambavyo maji hayakuvichukua. Peleka kwenye ndoo ya mboji.

Anayependa unga badala ya maji, akaushe maganda juani au kwenye oveni ya moto mdogo hadi yavunjike kama biskuti, yakikunjika bado. Kisha asage. Kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha sentimita 15, kichanganywe ndani ya udongo wa juu na si kuachwa kimelala juu, na kisirudiwe kabla ya miezi miwili. Mimi huutia unga huu kwenye mboji, kwa sababu ukiwa chunguni unaoza pale pale, na kuoza chunguni ndicho nilichokikimbia.

Na tusidanganyane: ikiwa udongo wa mmea una potasiamu ya kutosha, maji ya ndizi hayaongezi ua hata moja. Yanasaidia mmea uliopungukiwa. Ukiona kingo za majani ya zamani, ya chini, zinakuwa njano kisha kahawia huku katikati bado ni kijani, huyo anakuomba ndizi.

Mayai

Maganda ya mayai yamesifiwa kupita kazi yake. Kalsiamu hujenga kuta imara za seli, husaidia matumba yasidumae na vikonyo visilegee, lakini haiyaiti maua. Kama birika lako lina utando mweupe ndani, maji ya nyumba yako tayari yamebeba kalsiamu, na kila unapomwagilia unalisha. Weka maganda kando.

Kama maji yako ni laini, yaani yana kalsiamu kidogo, kuna jambo moja la kujua. Ganda lililovunjwa kwa mkono na kutupwa juu ya udongo litakaa hapo miaka. Nimewahi kubadilisha udongo wa chungu nikakuta vipande vilevile nilivyovitia, vimechakaa rangi tu. Ganda haliyeyuki mpaka lisagwe na likutane na asidi. Asidi ipo jikoni.

Osha maganda, yakaushe, yakaange kidogo bila mafuta hadi ile ngozi ya ndani ikauke na kunukia, kisha yatwange hadi yawe kama unga wa sembe. Tia kijiko kimoja cha chakula kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe vijiko kumi vya chakula, kidogo kidogo. Itachemka povu papo hapo: hiyo ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka kalsiamu inapoachana na kaboneti. Usifunge chupa kwa nguvu, itapasuka. Iache wazi, imefunikwa kitambaa, siku saba hivi, ikitikiswa kila siku. Siku za mwisho ongeza kiasi cha unga wa ganda kinachoshikika kwa vidole viwili. Povu likija tena, siki bado ina ukali, ongeza kingine. Likikoma kuja, chuja. Nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, inatosha kabisa. Siki tupu isiyokutana na ganda isikaribie mizizi.

Kahawa, chai na majivu

Machicha ya kahawa mabichi juu ya udongo hugandamana yakawa kama koti la mvua; ukimwagilia, maji yanateleza pembeni na kushuka kwenye kisahani huku katikati kumekauka. Bado yana kafeini, ambayo hudumaza miche. Na ule usemi kwamba kahawa hufanya udongo uwe na asidi kali hauna uzito: asidi nyingi ilikwenda kikombeni, machicha yaliyobaki yana asidi kidogo tu. Nafasi yake ni ndoo ya mboji, yasizidi moja ya tano ya vyote vilivyomo. Huko yanafanya kazi nzuri mno, minyoo wanayapenda.

Majani ya chai yaliyochemshwa, yasiyo na maziwa wala sukari, nayo yaende ndooni. Mifuko ya chai ipasue kwanza, mingi ina nyuzi za plastiki ambazo haziozi. Mwaka mmoja nilimwaga chai baridi kwenye drasena mfululizo, ncha zake zikaungua zikawa kahawia. Mchai hukusanya floridi kutoka ardhini, na drasena ni miongoni mwa mimea isiyoivumilia.

Majivu ya kuni safi, yasiyo na rangi, plastiki wala mkaa wa mawe, yana potasiamu na kalsiamu, lakini ni makali kama sabuni na huondoa asidi ya udongo upesi. Chukua kiasi kinachoshikika kwa vidole viwili kwa chungu kizima, uchanganye na udongo, mara moja kwa mwaka. Azalea, gardenia na haidrenja, ambazo hupenda udongo wenye asidi, usizikaribie nayo kabisa.

Ndoo ya mboji: hapa ndipo kazi ilipo

Ningeambiwa nichague njia moja tu, ningechagua hii. Maji ya ndizi yana potasiamu, ya mchele yana fosforasi kidogo, lakini mboji iliyoiva ina vyote, vikitoka polepole, pamoja na vijidudu vinavyoweka udongo hai. Huhitaji uwanja. Ndoo ya lita 20 kwenye kibaraza au nyuma ya mlango wa jikoni inatosha maua kumi.

Toboa matundu kumi hivi chini na mengine ubavuni, ukubwa wa penseli. Weka ndoo juu ya sinia lenye vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Tandika chini kiganja cha vijiti vikavu. Halafu kila unapotia mabaki mabichi (maganda ya ndizi, ya mboga, machicha, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyosagwa) ongeza vitu vikavu mara mbili au tatu zaidi kwa ujazo: majani makavu, boksi lililochanwa, karatasi ya kahawia isiyo na rangi ya kung'aa. Mabichi yana nitrojeni, makavu yana kaboni, na wanaoozesha wanahitaji vyote viwili kama ugali na mboga. Kata kila kitu kidogo. Kipande cha kucha kinaoza upesi, kipande cha kiganja kinangoja.

Nyama, samaki, mafuta, maziwa na chakula kilichopikwa visiingie. Huvuta panya na kunuka.

Unyevu ndio unaowashinda wengi. Chukua kiganja ukikamue: kikitoa tone moja au mawili, ni sawasawa na kitambaa kilichokamuliwa. Kikitiririka, ongeza boksi. Kikibomoka kama mchanga, nyunyiza maji. Geuza vilivyomo ndooni kwa kijiti au mwiko wa zamani mara moja kwa wiki. Ndoo ndogo haipati joto kubwa kama rundo la shambani, kwa hiyo usitarajie miujiza ya wiki tatu. Miezi mitatu hadi sita ni ya kawaida. Harufu ndiyo itakueleza. Ikinuka kama yai bovu, hewa haipiti. Ikikuchoma puani kama mkojo, mabichi yamezidi.

Imeiva inapokuwa nyeusi, inavunjikavunjika, huwezi kutambua kilichokuwa ganda na kilichokuwa karatasi, na inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Hata hivyo ijaribu: tia kiganja chenye unyevu kwenye mfuko, ufunge, ufungue baada ya siku tatu. Ikiwa bado ina harufu ya udongo, tumia. Ikiwa imechacha, irudishe ndooni mwezi mmoja. Chekecha kwa ungo wa zamani.

Kuitumia ni rahisi. Unapobadilisha udongo, sehemu moja ya mboji kwa sehemu tatu za udongo wa chungu. Usipobadilisha, kwaruza udongo wa juu, weka tabaka la sentimita moja, mwagilia. Rudia baada ya miezi mitatu. Kwa mmea usiotaka kuguswa, loweka kiganja kimoja kwenye lita moja ya maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, mwagilia.

Okidi zinazoishi kwenye maganda ya miti ziondoe kwenye mpango huu wa mboji. Mizizi yake inataka hewa, na udongo unaoziba mapengo huiozesha. Zipe maji yaliyochujwa sawasawa, yawe hafifu, na kati ya mlo na mlo zimwagilie maji matupu.

Namna ya kulisha

Lisha mmea unaokua, wenye jani jipya au kikonyo kinachochomoza. Uliopumzika, mgonjwa, au uliohamishiwa chungu kipya kabla ya wiki sita kupita usiupe kitu zaidi ya maji. Usilishe udongo mkavu; lowesha kwanza, subiri robo saa, ndipo umimine. Chagua maji ya aina moja kwa wakati mmoja. Mtu anayetia ya ndizi Jumatatu, ya mchele Jumatano na ya yai Ijumaa hatajua kilichofaa wala kilichodhuru.

Saintpaulia ilishwe kwa chini: weka maji vuguvugu yaliyochujwa kwenye kisahani, iache inywe nusu saa, umwage yanayobaki. Maji baridi yakigusa yale majani ya manyoya huacha madoa.

Tumba likishaonekana, usiongeze dozi kwa furaha. Endelea vilevile, na usikihamishe chungu, kwani mimea mingi hudondosha matumba ikibadilishiwa mwanga ghafla.

Ukiona ncha za majani zinaungua, au ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za chungu, madini yamezidi. Peleka chungu kwenye sinki, mimina maji safi polepole, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yote yatoke chini, halafu usilishe mwezi mzima. Usubi wakitokea, acha sentimita tatu za juu zikauke kati ya kumwagilia na kumwagilia. Viluwiluwi wao hawaishi kwenye ukavu. Karatasi ya njano yenye gundi, iliyochomekwa kando ya mmea, hunasa wakubwa.

Sukari, asali na soda hazina nafasi hapa. Sukari mmea hujipikia wenyewe. Ile ya kopo inalisha ukungu na sisimizi.

Tunda linaloleta ua bila kugusa udongo

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihusiani na mbolea hata kidogo.

Matunda yanayoiva, hasa tufaha na ndizi, hutoa gesi iitwayo ethilini. Kwa bromelia, jamaa ya nanasi, gesi hiyo ni amri ya kuchanua. Katika karne ya 19 wakulima wa mananasi kwenye visiwa vya Azores waligundua kwamba moshi ndani ya nyumba za vioo huyafanya mananasi yatoe maua. Moshi una ethilini ndani yake, ingawa wao hawakujua jina hilo.

Chagua bromelia iliyokomaa, yenye umri wa miaka miwili au mitatu hivi, ambayo haijawahi kuchanua. Mwaga maji yaliyo katikati ya majani, kwenye kile kikombe chake. Weka mmea mzima na chungu chake ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, uweke na tufaha moja lililoiva sana, lile ambalo hakuna tena nyumbani anayelitaka. Funga. Uweke mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua, la sivyo utaupika. Siku saba hadi kumi, kisha fungua, rudisha maji kwenye kikombe, na uendelee na maisha. Hakuna kitakachoonekana kwa muda. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na nne, katikati ya kikombe panaanza kuwa na rangi.

Gesi hiyohiyo ni adui wa okidi na maua mengine yaliyokwisha chanua: matumba huwa ya njano na kudondoka. Bakuli la matunda na okidi visikae meza moja.

Bromelia huchanua mara moja tu. Ua likishapita, mama hunyauka polepole kwa miezi mingi, huku watoto wakichomoza ubavuni mwake. Waache wafikie theluthi ya urefu wa mama, uwatenge kwa kisu kisafi, kila mmoja apate mizizi yake na chungu kidogo chenye mboji kidogo. Na lile tufaha, likitoka mfukoni limesinyaa na kubonyea, likate vipande vinne. Ndoo ya mboji inalingoja.